Blanketi la Askofu

Siku Andati aliporudishwa nyumbani kutoka Butali, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akina mama wa kanisa walikuwa wameketi uani kwake wakishona blanketi la askofu, zawadi ya ziara yake. Blanketi lilitandazwa juu ya mikeka miwili, viraka vya njano, vya kahawia na vyekundu vikiwa vimeungwa pamoja, na kila mama alishika upande wake, sindano zikizama na kuibuka. Katikati alipiga magoti Maximilla, mke wa Andati, akichora korongo kwa unyoya wa kuku. Wino wake ulikuwa tope jeusi la kinamasini lililochujwa na kukorogwa na uji wa muhogo. Kila alipoinama, wenzake walinyamaza kidogo, maana hapo ndipo ndege alipopata jicho au kucha.

Kazi ile ilikuwa yake kabla haijawa ya kanisa. Aliinunua amerikani nyeupe sokoni, akaichemsha na maganda ya vitunguu au magome aliyookota pembeni mwa msitu, akaikata, akaichora, akaishona, na watalii waliokuja Buyangu kutazama ndege wakaondoka nayo wakiwa wameikumbatia. Dinah, mwenyekiti wa akina mama, ndiye aliyesema kwamba kipawa cha namna hiyo hakifai kulala nyumba moja. Maximilla akafungua lango lake, wakaingia.

Trekta la miwa lilisimama njiani, nje ya ua wa michongoma. Shitanda, aliyefanya kazi kiwanda kimoja na Andati, alishuka, akageuka, akambeba rafiki yake mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, akaingia naye langoni. Mwanamume aliyeondoka Pasaka akiwa na shingo ya fahali alikuwa amebaki suruali na mifupa. Midomo yake ilikuwa na utando mweupe, na shingoni alikuwa na vidonda vilivyokauka nusu.

"Kambini wamemchoka, mama," Shitanda alisema. "Nimeona nimlete mwenyewe kabla hawajamtoa nje."

Hakuna aliyepiga ukelele. Mwaka ule wa tisini na sita hapakuwa na kijiji kisichoijua sura ile, wala hapakuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa kwamba ni ukimwi. Mama mmoja alikuwa amekata uzi kwa meno. Akakumbuka uzi wenyewe umepita mikononi mwa nani, akatema mate pembeni, akafuta mdomo kwa kanga. Mwingine alikumbuka mbuzi wake hajahamishwa. Mwingine alisikia mtoto akimwita, ingawa hapakuwa na mtoto aliyeita. Maximilla alipotoka ndani kumtandikia mumewe, uani alikuta blanketi, mikeka, na Dinah amesimama karibu na lango, mkoba kwapani. Dinah alisema atarudi. Chai aliyokuwa amemiminiwa ilikuwa bado imejaa kikombeni.

Maximilla naye hakuwa malaika. Jioni ile Zilpah, mama yake Andati, kikongwe mkavu asiyependa maneno mengi, ndiye aliyemwosha mwanawe. Maximilla alisimama mlangoni na bakuli la uji, akimtazama mwanamume aliyekuwa anakuja nyumbani mara moja kwa msimu na kunukia sabuni asiyoinunua yeye.

"Kule nani alikuwa anakupikia?" akauliza.

Andati aligeuzia uso ukutani.

"Na yeye amekufa," akasema.

Ndivyo Maximilla alivyojua mambo mawili kwa pamoja. Akaliweka bakuli sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka likafika kitandani. Zilpah aliuona ule mguu. Akaliokota bakuli, akaanza kumnywesha mwanawe. Baadaye Andati alisema anahisi baridi, akaomba moja kati ya mablanketi ya ndege yaliyokuwa sandukuni yakingoja watalii. Maximilla akampa blanketi kuukuu la kijivu ambalo binti yao, Nasambu, alikataa kulipeleka shule ya bweni kwa kuona aibu.

"Hayo ya sandukuni ni ya wageni," akamwambia.

Jumamosi Dinah alirudi na wenzake wawili, wakivingirisha pipa tupu njia nzima. Walikuwa wamefunga leso puani. Walilisimamisha pipa uani, wakalijaza maji ya mtungi wa Maximilla, wakaagiza kuni za Maximilla, kisha wakatoa mkobani sabuni ya kipande, magadi, na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo. Dinah akaeleza kwamba kikao kimekaa. Hawana ubaya na mtu. Lakini askofu anakuja, na blanketi lake limelala kwenye nyumba hii, na kila mtu anajua limeshikwa na nani. Basi lichemshwe kwanza, kisha litahamia kwake Dinah, likamaliziwe huko.

Maximilla alijaribu kusema kwa upole. Alisema rangi ya miti haiwezani na magadi wala na hiyo dawa. Alisema mwenyekiti mwenyewe anajua, kwa kuwa Maximilla ndiye aliyemfundisha hapa hapa uani.

"Itaisha yote, dada," akasema. "Hakutabaki hata ndege."

"Heri rangi iishe kuliko watu waishe," Dinah alijibu. "Lichukue, ulitie. Sisi hatuwezi kuligusa."

Kwa hiyo akalichukua yeye. Alilikunja, akalibeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akalitumbukiza katika maji yaliyokuwa yanatokota, na kwa kuwa pamba ilikataa kuzama, wakamwambia alisukume kwa mti. Akalisukuma. Maji yakawa ya njano, kisha ya udongo, kisha yakawa meusi. Wale akina mama walisogea mbali na mvuke. Mmoja alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, si kwa ubaya, ni ile tu ya mtu anayepitisha wakati.

Waliponing'iniza blanketi kwenye ua, lilikuwa na rangi ya maji ya vyombo. Korongo walikuwa wamegeuka madoa, mengine marefu, mengine kama ukungu wa ukutani. Dinah alilizunguka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mzigo bila kosa lake.

"Hili haliwezi kupewa askofu," akasema.

Wakaondoka na pipa lao. Blanketi waliliacha. Mmoja alirudi hatua chache kusema kwamba kile kiti alichozoea kukalia Maximilla kanisani kimepelekwa nyuma karibu na mlango, ili apate hewa.

Siku hiyo Maximilla aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa blanketi lililokuwa bora kuliko yote, lenye ndege wa buluu wa msituni wenye kishungi, akamfunika mumewe mpaka kidevuni. Andati aliipapasa mishono kwa vidole vilivyokuwa kama vijiti.

"Hili si la wageni?"

"Wageni hawaji tena," Maximilla akasema. Akaketi kitandani, kwa mara ya kwanza tangu mumewe aletwe.

Askofu alikuwa ameshaambiwa juu ya zawadi, na msaidizi wake alikuwa ameshauliza kama itaenea kitanda kikubwa. Dinah alinunua amerikani nyingine. Pamba ilipatikana, sindano zilikuwepo, mikono ilikuwepo. Walijaribu rangi, ikatoka kama kutu; wakajaribu tena, ikawa na mabaka kama ngozi ya fisi. Walikuwa wameona Maximilla akifanya, lakini kuona mtu akisonga obusuma si kujua ugali unaiva saa ngapi.

Basi Dinah akaja tena. Safari hii hakuingia, aliita akiwa njiani, nje ya michongoma. Wakati huo Andati alikuwa ameanza kukohoa damu, na Zilpah alikuwa amesikia habari za jirani mmoja wa ng'ambo ya mto aliyepelekwa hospitali ya mjini akiwa amebebwa, akatundikiwa maji, akarudi anatembea. Wenye baiskeli za kubeba watu walikuwa wamekataa. Mmoja alimwambia Maximilla usoni kwamba kiti cha baiskeli yake kinakaliwa na watoto wa watu.

Dinah alieleza shida yao. Wangefanyia kazi nyumbani kwake, na Maximilla angesimama tu njiani, aseme. Mikono ingekuwa yao.

"Nitakuja," Maximilla alisema. "Lakini Andati apelekwe hospitali na gari la mzee."

Mzee ni Hezekiah, mume wa Dinah, aliyekuwa na pikapu ya kusambazia mikate mashuleni. Dinah aliitazama michongoma.

"Mara moja tu, dada," Maximilla akasihi. "Nyuma kule kwenye mzigo. Nitatandika majani ya mgomba, nikirudi nitaliosha gari mwenyewe."

"Nitamwambia," Dinah akasema. Kisha, alipoona Maximilla hasogei, akaongeza, "Kesho rangi ikikubali, gari litakuja hapa kwako. Mvalisheni."

Asubuhi walimvalisha. Zilpah alimtia shati jeupe la harusi za watu, akamfunga mkanda ulioongezwa matundu. Walimketisha kwenye kiti karibu na mlango, wakamzungushia lile blanketi la ndege, ili gari likija wasipoteze wakati. Andati alionekana kama mtu anayekwenda kuposa. Aliomba kioo, na mama yake akasema kimevunjika.

Nyumba ya Dinah ilikuwa katikati ya kijiji, kwenye njia iendayo barabara ya lami. Maximilla alisimama nje ya ua, upande wa njia, jua likimpiga kichwani. Ndani ya ua moto uliwaka, na sufuria kubwa za harusi zilikuwa juu ya mafiga. Akawa anasema kwa sauti. Tieni kitambaa kwenye maji ya shabu kwanza, ile ya kusafishia maji, kabla ya rangi. Punguzeni moto. Msikoroge hivyo, geuzeni tu. Walipotaka kumwonyesha rangi, walikiinua kitambaa kwa ncha ya mti na kukisimamisha mbali, kama watu wanaoonyesha nyoka waliyemuua. Yeye aliijua rangi kwa harufu zaidi kuliko kwa macho, lakini upepo ulikuwa unatoka upande wake, si wao. Ikambidi akisie.

Watu walipita njiani. Wengine walimsalimia kwa mbali, wengine walivuka upande wa pili. Mchana akina mama walikula viazi na chai. Dinah alimwachia kiazi juu ya jani, chini ya ua, akarudi nyuma ndipo akamwambia achukue. Alikuwa na njaa. Alikichukua.

Alasiri njano ilikubali. Hata yeye alipokiona kitambaa kimetundikwa kwenye kamba, kikichuruzika, moyo wake ulimsaliti na kufurahi. Ilikuwa njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ndani, Dinah mwenyewe alikuwa anajaribu kuchora korongo kwenye kipande, na korongo wake alifanana na bata. Maximilla akamwita.

"Mwenyekiti, rangi imekubali. Gari liko wapi?"

Dinah alikuja mpaka hatua chache kabla ya ua. Alikuwa na tope vidoleni.

"Hezekiah amekataa," akasema. "Anasema gari ni la mikate. Wateja wakisikia lilibeba nani, hakuna shule itakayonunua."

"Amekataa saa ngapi?"

"Tangu jana."

Maximilla alimtazama. Wale wengine walikuwa wameacha kugeuza vitambaa.

"Kwa hiyo asubuhi uliponiona nimefika, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na mgonjwa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi."

"Kazi ni ya Mungu, Maximilla," Dinah alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ningekwambia, ungekataa kusimama."

Alitembea kurudi nyumbani, hakukimbia. Andati alikuwa bado kwenye kiti, kidevu kimelala juu ya blanketi, na Zilpah alikuwa amekaa chini akimshika magoti asiteleze. Aliposikia hatua, Andati aliinua macho na kutazama nyuma ya mkewe, kutafuta gari.

Maximilla hakueleza. Aliingia ndani, akaitoa baiskeli nyeusi ya Andati iliyokuwa imeegemezwa nyuma ya gunia la mahindi, akaijaza matairi upepo. Zilpah alielewa bila kuambiwa. Walimpandisha nyuma, kwenye chuma cha kubebea mizigo, wakamfunga kiunoni na kwenye tandiko kwa vipande vya amerikani vilivyobaki, wakamvika kofia, wakamfunika blanketi lake. Maximilla akashika usukani, na kikongwe akashika mgongo wa mwanawe kwa nyuma. Wakaanza kusukuma.

Walipopita kwa Dinah, ua ulinyamaza. Kamba ilikuwa imejaa vitambaa vya njano vikipepea. Andati aligeuza shingo.

"Hiyo njano ni yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Ni nzuri," akasema. Maneno hayo hakuwahi kumwambia katika miaka yote alipokuwa na nguvu. Kazi yake aliiita michezo ya matambara.

Njia iliteremka kijitoni, kisha ikapanda kati ya mashamba mawili ya miwa. Mvua ya juzi ilikuwa imeacha utelezi. Kwenye mwinuko ule walisukuma na kupumzika, wakasukuma na kupumzika, na kila waliposimama Zilpah aliegemeza paji lake mgongoni mwa mwanawe, Maximilla hakujua kama ni kwa kuchoka au kwa kusikiliza. Sauti za magari ya barabara ya lami zilianza kusikika. Andati alikohoa kikohozi kirefu kilichotikisa baiskeli nzima. Kisha akatulia, na uzito wake ukabadilika, ukalalia upande mmoja wote kwa pamoja kama gunia lililofunguka mshono.

Maximilla alisimama. Hakugeuka.

"Mama," akaita.

Zilpah alikuwa ametia mkono ndani ya blanketi, juu ya shati jeupe. Aliuacha humo kwa muda mrefu. Kisha akautoa, akamrudisha mwanawe wima, akamkaza vile vitambaa, akamvutia blanketi mpaka puani, akamshushia kofia machoni.

"Geuza baiskeli," akasema.

"Mama, amekwisha."

"Nimekwambia geuza. Mwanangu hakufa njiani kama mbwa. Wakijua amefia huku, watasema asiingizwe langoni, azikwe nje ya ua wanakozikwa wanaokufa vibaya. Na hao wa pipa watakuja na magadi yao wamchemshe na yeye." Alimshika mgongoni kama mwanzo. "Amefia nyumbani kwake. Tutakapopita kule, uongee naye."

Wakateremka. Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, maana baiskeli ilitaka kukimbia na kichwa kilitaka kulala. Maximilla aliizuia kwa kifua. Wakavuka kijito. Jua lilikuwa bado lipo, la njano, likiangaza kila kitu vizuri kuliko alivyopenda. Mbele yao ua wa Dinah ulikuwa umejaa watu. Akina mama walikuwa wanaanua vitambaa, wengine wamekuja ukingoni kabisa kutazama.

"Ongea," Zilpah alinong'ona.

Miaka mingi ya ndoa, na kinywa kilikuwa kitupu kama mtungi uliopasuka. Mwishowe akasema kwa sauti kwamba mahindi ya juu yanahitaji kupaliliwa. Akasema Nasambu akifunga shule atamletea viatu vyake ashone soli. Akasema mvua itanyesha, lakini wao watakuwa wamefika.

"Mmerudi?" mama mmoja aliuliza kutoka uani.

"Amechoka," Zilpah alijibu. "Tutakwenda kesho."

Walikuwa karibu kuumaliza ua, pale ambapo ulikatika na kubaki uwazi wa mtu kupita. Dinah alikuwa amesimama kwenye uwazi ule. Hatua chache tu zilimtenga na Andati. Maximilla aliona macho yake yakishuka kwenye kofia, kwenye blanketi, kwenye mguu mmoja ulioning'inia na kuburura ncha ya kiatu ardhini. Akangoja.

"Mama Nasambu," Dinah akasema. "Ile nyekundu imekuwa nzito kama damu. Tuongeze maji ama tuiondoe motoni?"

Maximilla alimtazama mwanamke huyo aliyewahi kuwa shoga yake, tope likiwa limemkaukia vidoleni, uso umejaa wasiwasi wa kweli, wasiwasi wa sufuria.

"Ongezeni maji," akasema. "Kidogo kidogo."

"Asante. Mgonjwa alale vizuri."

"Amesikia," Maximilla alijibu, akasukuma.

Walipita michongoma, wakaingia langoni kwao, wakaiegemeza baiskeli mlangoni. Walimfungua vitambaa kimoja kimoja. Walimbeba wakamlaza kitandani, wakamvua viatu, wakamnyoosha miguu, na Zilpah akamfumba macho kwa kidole gumba. Kisha kikongwe akaenda mlangoni, akatazama njia pande zote mbili, akafunga mlango, akaja kuketi chini, mgongo wake umeegemea kitanda cha mwanawe.

"Sasa lia," akamwambia Maximilla.